Tarehe Tisa ya Falgun

Inspekta Kohinoor Mridha alikuwa amebakiwa na saa sita tu, na hakutaka kupoteza hata moja kumsikiliza Shafqat Khondokar. Lakini Khondokar ndiye mlalamikaji, na mlalamikaji lazima asikilizwe, hata akiwa anaongea kama spika la msikitini. Saa kumi jioni gari la mahabusu lingetoka kituoni kwenda mahakamani, na ndani yake angepandishwa Abinash Shil, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye pumu, kwa shtaka la kuiba mali ya urithi wa taifa. Shtaka hilo lilikuwa halina dhamana. Tangu akamatwe Jumamosi, mzee alikuwa hajafungua mdomo ila kuomba dawa yake ya kuvuta. Kohinoor aliwahi kuwaona wazee wa pumu wakipelekwa rumande, na hakuwahi kuwaona wakirudi.

"Ilikuwa hapa, dada yangu," Khondokar alisema, akionyesha kabati la kioo kilichovunjwa. Mkono ulikuwa na pete tatu. "Shajara ya marehemu babu. Miaka kumi na mmoja imekaa hapa. Wageni walikuwa wanasimama hapo ulipo wewe, wanalia."

"Wanalia nini?"

"Historia."

"Ahaa," alisema Kohinoor, akasogea pembeni kidogo asije akaambukizwa.

Khondokar alikuwa mwenye gazeti la Purbakash na mhariri wake pia, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekubali kumwandikia sifa anazozitaka. Gazeti lenyewe lilinunuliwa kwa ajili ya ukurasa wa pili, safu iitwayo "Siku Kama ya Leo." Mfalme fulani alikufa tarehe kama hii, karne nne zilizopita. Meli fulani ilizama. Mtu fulani akagundua sindano. Kohinoor alikuwa akiisoma kwa daktari wa meno, na kila akiisoma alijiuliza ni wajinga gani wanaoshangaa. Ukipewa miaka elfu mbili ya kuchagua, utapata wapi siku isiyokuwa na mfalme aliyekufa?

Khondokar lakini alikuwa ameona faida yake. Katikati ya wafalme alichomeka ukoo wake. Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa tarehe 21 Februari, siku ambayo mwaka 1952 vijana walipigwa risasi hapa Dhaka kwa kudai lugha yao, na hata mtoto wa chekechea anaijua. Kwa mujibu wa Purbakash, tarehe hiyo hiyo babu yake Sobhan Khondokar alizaliwa, akaoa, na akafungua kiwanda cha sabuni. Na mwaka 1952 alikuwa safu ya mbele ya maandamano, akambeba majeruhi mgongoni, akarudi nyumbani akaandika yote kwenye shajara usiku uleule.

"Ijumaa hii Kamati ya Kumbukumbu ilikuwa impe nishani," Khondokar alisema. "Marehemu. Mbele ya watu. Mimi ndiye wa kuipokea. Halafu huyu Shil, mtu niliyemlisha miaka thelathini, anaiba shajara Ijumaa iliyopita, ofisi imefungwa, watu wote wako nje wanasherehekea siku ya kwanza ya machipuko. Kisa, nilimfukuza kazi Januari."

"Ulimfukuza kwa nini?"

"Kiburi."

"Kiburi cha namna gani? Alikutukana?"

"Cha kimyakimya. Ndicho kibaya zaidi."

Kohinoor aliinama, akatazama kabati. Vioo vilikuwa vimefagiwa na kurundikwa pembeni. Kulia kwa kabati, usawa wa macho, palikuwa na msumari mtupu, na juu yake kimebaki kipande kidogo cha karatasi kilichochanika. Juu ya meza ya Khondokar ilining'inia picha ya babu, shada la maua shingoni, uso wa mtu anayesubiri kuombwa msamaha.

"Kwenye huu msumari kulikuwa na nini?"

"Msumari?" Khondokar aliutazama kana kwamba umeota sasa hivi. "Sijui. Takataka za Shil labda."

"Na ile shajara, Kamati waliitaka lini?"

"Kesho walikuwa waje kuichukua. Wana wataalamu wao wa karatasi. Sasa wataichukua wapi, maskini?"

Alisema "maskini" kwa uso mkavu kabisa. Kohinoor alitoka nje ya chumba, akamwita msaidizi wake, Sajini Tapan Barua, aliyekuwa anakula singara, sambusa ya viazi, kwenye ngazi.

"Nenda ofisi ya Kamati ya Kumbukumbu. Ulizia karatasi zote alizowapelekea huyu bwana."

"Shajara si imeibiwa, afande?"

"Barua, wewe umezaliwa mji gani? Hapa Dhaka mtu akitaka hata kadi ya maktaba anadaiwa nakala tatu zilizogongwa muhuri. Unadhani nishani ya taifa itatolewa kwa maneno matupu? Nenda. Na futa mafuta mdomoni."

Mfagizi wa ofisi, mama mmoja mwembamba aitwaye Jomila, alikuwa jikoni anaosha vikombe. Kohinoor alichukua kigoda akakaa, jambo ambalo hakumfanyia Khondokar.

"Mama mdogo, kwenye ule msumari kando ya kabati palikuwa na nini?"

Jomila aliangalia mlango kwanza. "Kalenda."

"Ya zamani?"

"Ya zamani ya nini? Ya mwaka huu. Mpya. Mzee Shil aliitundika yeye mwenyewe Januari, na akaifunua Februari. Nikamwambia, mzee, bado tuko Januari, umeruka mwezi. Akasema hajaruka. Bwana alipoingia akaiona, akasimama pale muda mrefu, anaangalia kalenda, anaangalia kabati. Halafu akaing'oa akaitupa. Mzee akaambiwa akusanye vitu vyake siku hiyohiyo."

"Na kalenda iko wapi?"

Jomila aliona haya kidogo. "Mwaka ndo kwanza unaanza, mtu anatupa kalenda nzima. Karatasi nzuri vile. Mwanangu ana madaftari ya shule ya kufunika." Alifungua kabati la mafagio, akatoa kalenda iliyoviringishwa na kufungwa uzi. "Sikuiba. Ilikuwa kwenye pipa."

"Ungekuwa mwizi, mama mdogo, mimi ningekuwa nimeshatajirika kwa kukamata watu. Naiazima."

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa nyuma ya mitambo ya kuchapa. Kohinoor alitegemea vumbi na mende. Alikuta droo. Zilipanda kutoka sakafuni hadi dari, mbao nyeusi, kila moja na tarehe yake, na alipozihesabu safu moja moja zilikuwa mia tatu sitini na sita. Ndani yake kadi, maelfu ya kadi, zote kwa mwandiko mmoja mdogo ulionyooka. Kila kadi ilikuwa na tarehe mbili, ya kalenda ya Kizungu juu na ya kalenda ya Kibangla, yenye miezi na miaka yake, chini, na pembeni imeandikwa habari ilitoka kitabu gani, ukurasa gani. Pale ambapo Shil hakuwa na uhakika aliandika: sina uhakika. Kohinoor alisoma kadi kumi, kumi na tano. Kazi ya mtu mwenye akili timamu, miaka thelathini, ili Khondokar apate mahali pa kuuzia sabuni ya babu yake. Alijisikia hasira, na hakujaribu kuificha, akaisukuma droo kwa goti.

Akafungua ya 21 Februari. Kadi ya kwanza: 1952. Alhamisi. Tarehe 8 Falgun 1358.

Halafu akaenda kwenye rundo la magazeti ya zamani. Kila mwaka, tarehe hiyo, Purbakash ilichapa picha ya ukurasa wa shajara, nusu ya ukurasa wa mbele, kwa fahari. Alichukua toleo la miaka mitano nyuma, akalilaza mezani karibu na kadi. Juu kabisa ya ukurasa wa shajara, kabla ya maandamano na majeruhi na mgongo wa shujaa, babu alikuwa ameandika: Alhamisi, 9 Falgun 1358.

Nane na tisa. Kohinoor alikaa. Akaikunjua kalenda ya Jomila, akaifunua Februari. Chini ya 21, kwa tarakimu ndogo nyekundu za Kibangla: 8 Falgun.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na ndilo lililomchukiza. Mwaka 1952 siku ile ilikuwa tarehe nane Falgun. Miaka ya themanini wakubwa wakapanga upya urefu wa miezi ya Kibangla, na kuanzia hapo kwenye kila kalenda ya ukutani 21 Februari ikaangukia tarehe tisa. Watu wakazoea. Mwaka jana tu ndipo miezi ilipopangwa tena, ili siku kubwa za nchi zirudi kwenye tarehe zake za asili, na nane ikarudi. Mtu aliyeishi siku ile ya 1952 asingeweza kuandika tisa. Tisa angeiandika mtu aliyekaa miaka hamsini na kitu baadaye, akanyanyua macho kutazama kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo shajara ilikuwa ya kughushi, na kabati lilivunjwa na mtu ambaye hakutaka wataalamu wa karatasi waiguse kesho. Mpaka hapo hata Barua angefika. Kilichomfanya Kohinoor asiinuke ni kingine. Mwandiko wa Kibangla unaning'inia kwenye mstari wa juu, kila neno lina mstari wake. Kwenye kadi, Shil alikuwa na tabia moja: mstari ule aliukata kabla ya herufi ya mwisho, kila neno, bila kukosa. Aliinamia gazeti. Herufi za shajara zilikuwa zimelazwa kizamani, zimenenepeshwa, zimeungwaungwa ili zifanane na mkono wa mtu mwingine. Lakini mstari wa juu ulikatika. Kabla ya herufi ya mwisho. Kila neno.

"Wewe mzee," Kohinoor alisema peke yake. "Kumbe ndiyo maana umefunga mdomo."

Barua alirudi saa saba na nusu, ana bahasha na doa jipya la mafuta.

"Walikuwa na nakala ya ukurasa, afande. Ameipeleka jana. Kamati walimwambia kama shajara imeibiwa alete nakala iliyothibitishwa na wakili."

Kohinoor alitoa fotokopi. Ukurasa uleule, maandamano yaleyale. Ila juu kabisa palisomeka: Alhamisi, 8 Falgun 1358. Tarakimu ilikuwa imeketi kwenye kipande cheupe kuliko karatasi, kazi ya wino mweupe wa kufutia. Chini, muhuri wa zambarau wa wakili: Nimelinganisha na asili. Jumapili, 16 Februari.

Alicheka, kicheko cha puani.

"Barua, leo ni lini?"

"Jumatatu, afande. Kumi na saba."

"Na huyu bwana aliibiwa lini?"

"Ijumaa. Akaripoti Jumamosi." Barua alisimama akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. "Aa."

"Ndiyo. Aa."

Khondokar alikuwa anakula biriani kwenye meza yake, chini ya picha ya babu. Kohinoor hakukaa. Aliweka fotokopi mbele ya sahani, mbali kidogo na mchuzi.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo. Nilikuwa na nakala ya zamani nyumbani. Bahati nzuri."

"Imegongwa jana. Wakili anasema ameilinganisha na asili. Jana."

Khondokar alimeza. "Dada yangu, mawakili wanagonga tu. Hawaangalii. Unajua nchi yetu."

"Naijua. Kwa hiyo nina mambo mawili, nawe uchague mwenyewe, mimi sina upendeleo. Kama wakili aliangalia, shajara ilikuwa mkononi mwako jana, siku mbili baada ya kuibiwa, na umeidanganya polisi. Kama hakuangalia, umefuta tarehe kwenye nakala, umeigongesha muhuri wa uongo, na umeidanganya Kamati ya taifa. Lipi?"

"Sijafuta tarehe yoyote."

Kohinoor alitandika gazeti juu ya fotokopi. Tisa juu ya nane. Kisha Barua akaingiza mkono kwapani, akatoa matoleo mengine kumi na kuyaweka mezani moja baada ya jingine, 2009, 2010, 2011, mpaka Khondokar akavuta sahani yake nyuma.

"Umevunja kabati lako ili mtu asione tarehe," Kohinoor alisema, "na umeshaichapa mara kumi na moja kwa mkono wako mwenyewe. Ukurasa wa mbele. Nimewakamata wezi wa kuku waliokuwa na mpango kuliko wewe."

Jasho lilimtoka Khondokar juu ya mdomo. Alitazama mlango, akamtazama Barua aliyekuwa ameuziba.

"Ni Shil aliyeandika," alisema. "Andika hivyo. Mkono ni wake. Mkiniweka mimi ndani, naye anaingia. Mwulizeni."

"Nitamwuliza. Shajara iko wapi?"

Macho ya Khondokar yalipanda kwenye picha iliyokuwa juu ya kichwa chake, kisha yakashuka haraka, kama ya mtoto aliyeficha sukari. Barua alipanda kiti akashusha picha ya marehemu. Nyuma ya ubao, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa duka la vitambaa, shajara ilikuwepo.

"Hata kuichoma ulishindwa?" Kohinoor aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alitaka kweli kujua.

"Ni ya babu yangu," Khondokar alisema. Na alionekana kuamini.

Saa tisa na robo Kohinoor aliingia mahabusu. Shil alikuwa amekaa ukutani, magoti juu, anavuta pumzi fupifupi. Sahani ya wali na dengu ilikuwa haijaguswa. Kohinoor aliweka mbele yake kadi, gazeti na shajara yenyewe. Mzee alivitazama vyote, akaanza na kadi, akaipangusa kwa kidole.

"Hii irudishwe kwenye droo yake, mama," alisema. Ukiacha kuomba dawa, ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi. Wazee wa huku humwita mama hata binti wa shule, na Kohinoor alilizoea jina hilo, lakini leo lilimchoma.

"Umeiandika wewe."

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mwaka 2008 aliniita. Akasema babu yake anahitaji shajara. Nikamwambia babu yako siku ile alikuwa Narayanganj anapima magunia ya juti, kadi yake ninayo. Akasema, basi nitauza hizo droo zako kwa wanunuzi wa karatasi, kwa kilo. Alishaita mtu wa mizani, mama. Alikuwa mlangoni." Alikatiza ili avute pumzi. "Nikaona niuze siku moja, niokoe mia tatu sitini na tano."

"Na ukaandika tisa."

Mzee aliiweka kadi chini, kando ya gazeti.

"Mzee Shil, nimeona kadi zako. Hujawahi kukosea tarehe hata moja. Usiniambie ulikosea hii."

"Sikukosea." Aliinua uso, na ndani yake hapakuwa na aibu wala unyonge. Palikuwa na dharau, safi, ya miaka mingi, kubwa kuliko ya Kohinoor. "Nilisema wacha niache mlango wazi. Mji huu una maprofesa, una wabunge, una washairi. Atapita mmoja ambaye mwaka 1952 alikuwa na akili zake, atasoma mstari wa kwanza, atasema, jamani, ile siku ilikuwa nane. Wakapita. Wakalia. Wakapiga picha. Miaka kumi na mmoja nakaa chumba cha nyuma nasubiri mtu mmoja asome. Hata mmoja. Kalenda ilipobadilishwa nikasema sasa hata kipofu ataona, nikaitundika palepale. Aliyeona ni Khondokar. Mtu pekee aliyesoma ni mwizi."

Nje Barua alikuwa anabishana na dereva wa gari la mahabusu. Kohinoor alivuta meza ndogo.

"Sikiliza. Shtaka la wizi limekufa, hakuna kilichoibiwa. Saa kumi gari linaondoka na Khondokar. Kughushi kumebaki, na hilo ni lako, sitalifuta. Lakini lina dhamana. Ukinipa maelezo yako sasa, ukayatia sahihi, utalala nyumbani kwako. Ukinyamaza, wakili wake atasema yote ulifanya wewe, na utarudi humu humu."

"Na droo?"

"Ni vielelezo. Nitaziwekea lakiri. Hakuna mtu wa mizani atakayezigusa kesi ikiwa inaendelea, na kesi zetu unazijua zinavyokwenda."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa mzee. "Miaka ishirini," alisema.

"Ukiwa na bahati mbaya, kumi na tano."

"Basi andika."

Kohinoor aliweka karatasi ya maelezo, akaanza na tarehe, kwa kalenda zote mbili, kama fomu inavyotaka. Jumatatu, 17 Februari 2020. Chini yake, kwa mkono uliozoea, 5 Falgun 1426. Alikuwa anafikiria namna atakavyoielezea Kamati, na mahali pa kupata lakiri za kutosha droo mia tatu sitini na sita.

"Nne, mama," Shil alisema.

"Nini?"

"Leo ni nne Falgun. Tano ni hesabu ya kabla ya mabadiliko."

Aliitazama tarakimu aliyoiandika, na ile kalenda ya Jomila iliyokuwa inachungulia kwenye mkoba wake, imefunuliwa Februari, ameibeba tangu saa tano asubuhi. Mzee alisubiri bila kumcheka. Kohinoor aliikata tano, akaandika nne, akaweka sahihi yake ndogo pembeni ya kosa kama sheria inavyodai, kisha akamgeuzia mzee karatasi ili aisome yote tangu mstari wa kwanza.